Mchicha kwa Cheti cha Daktari

Kwa miaka ishirini na sita Bi Mafungu aliuza mboga mbele ya lango la zahanati ya mtaa wetu, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kubishana naye kwamba mboga ni nzuri. Watu walimkubalia kwa kichwa, kisha wakapita.

Mtaa ulikuwa na maduka kumi na tisa, na yote yaliuza vitu vilevile: soda, biskuti, sigara, sabuni, mkate mweupe, na unga wa sharubati wenye picha ya chungwa. Chungwa lenyewe halikuwepo. Aliyetaka nyanya ilimbidi apande mabasi mawili hadi soko kuu, na nauli ikishakatwa, nyanya inakuwa kitu cha anasa kama saa ya dhahabu. Bi Mafungu peke yake ndiye aliyekwenda huko kila alfajiri na kurudi na mzigo mgongoni: mchicha, karoti, kabichi, bilinganya. Fungu lake la mchicha lilikuwa rahisi kuliko pakiti ya biskuti. Hakuwa na chumba cha kulipia wala mfanyakazi. Alikuwa na meza, ndoo ya maji ya kunyunyizia, na sauti.

Jirani yake pale langoni alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mnene mcheshi aliyekaanga viazi katika karai jeusi lenye upana wa gurudumu la lori.

Mimi nilikuwa karani wa mapokezi, na dirisha langu lilitazama langoni, kwa hiyo haya sikuyasikia kwa mtu. Wagonjwa waliingia na presha, waliingia na sukari, Daktari akawaambia wale mboga, wakasema ndiyo Daktari, wakatoka, wakamwamkia Bi Mafungu kwa adabu zote, kisha wakanunua viazi kwa wifi yake.

"Mchicha huo, mwanangu! Damu hiyo!" Bi Mafungu aliita.

"Nimeuona, mama. Mzuri sana," mtu alijibu, huku karatasi yenye mafuta ikimchoma vidole.

"Wifi," muuza viazi alimwambia, "kizuri chajiuza. Mbona chako kinapigiwa kelele?"

Nyumbani mambo yalikuwa yaleyale. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa kifua kipana na maneno machache. Kila jioni mkewe aliweka mboga mezani, na kila jioni fundi alilisogeza bakuli upande wa pili kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayemsogeza mgonjwa. "Mimi na mbuzi hatujawahi kugombania chakula," alisema. "Sitaki tuanze uzeeni."

Basi, akaletwa Daktari mpya. Alikuwa msichana mwembamba, na mwandiko wake ulisomeka vizuri kiasi kwamba watu waliutilia shaka udaktari wake. Miezi minne alisema "kuleni mboga" hadi sauti ikamkauka. Jumatatu moja aliingia fundi cherehani mwenye presha, ambaye alikuwa ameshaambiwa hivyo mara sita. Daktari hakuisema ya saba. Alichukua cheti cha dawa, akaandika: *Mchicha. Fungu moja. Kutwa mara mbili. Siku kumi na nne.* Akatia sahihi, akagonga muhuri.

Fundi cherehani alikisoma kile cheti, akakaa vizuri kitini. "Kumbe hali yangu ni mbaya hivi," alisema.

Akaenda nacho dirisha la dawa. Mfamasia wetu alikuwa mtu ambaye kwa miaka kumi na minane hakuwahi kutoa kitu kisichokuwemo daftarini mwake. Alikitazama cheti. Akapanda ngazi, akapekua rafu ya herufi M kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akashuka.

"Wa maji au wa vidonge?"

"Sijui, bwana. Wewe ndiye msomi."

Mfamasia akafungua daftari, akalifunga. "Umeisha. Jaribu wiki ijayo."

Fundi cherehani akatoka amenyong'onyea. Pale langoni akapita ubavuni mwa meza yenye mafungu kumi na moja ya mchicha, yanadondosha maji.

"Mchicha, mwanangu?" Bi Mafungu aliita.

"Niache tu, mama. Nimeandikiwa dawa, na dawa haipo."

Hadi Ijumaa watu thelathini na wanne walikuwa wameambiwa umeisha. Wengine walirudi kila asubuhi kuulizia. Walioambiwa hivyo mara mbili walianza kusimama vikundi vikundi uani kwetu, na maneno yakachacha. Mama mmoja alipanda juu ya benchi la kusubiria, akasema kwa uchungu kwamba kwenye hospitali za wenye nafasi mchicha umejaa tele, sisi wa huku tunaachwa tufe. Watu wakalia. Nilimwona mtu mzima analia huku ameegemea meza ya Bi Mafungu, kiganja chake kimekalia kabichi.

Malalamiko yakaandikwa, yakapelekwa manispaa na watu mia mbili kwa miguu. Manispaa ilikuwa imewahi kuombwa soko kwa ajili ya mtaa wetu, mara saba, na mara saba ilisema inalifanyia kazi. Lakini upungufu wa dawa ni jambo jingine. Ndani ya siku tisa amri ikaja: mchicha upatikane zahanati wakati wote, kwa bei ambayo kila mtu anaimudu, na wazee na wajawazito wapewe bure. Manispaa itafidia tofauti. Orodha ikaongezwa karoti, kabichi na maharage mabichi, ili tusiaibishane tena.

"Nani atauleta?" Mfamasia aliuliza.

Daktari alinyoosha kidole dirishani.

"Yule? Dawa haitolewi barabarani, Daktari."

Ndipo Bi Mafungu akahamishwa. Ilikuwa hatua kumi na nne kutoka mezani kwake hadi nyuma ya kioo. Akavishwa koti jeupe, akapewa kalamu, muhuri, na kibandiko cha kifuani kilichosema *Msaidizi wa Dawa*. Mchicha ukawekwa ndani ya bahasha za kaki. Ulikuwa mchicha uleule, alioununua alfajiri ileile kwa mtu yuleyule.

Siku ya kwanza foleni ilizunguka jengo. Bi Mafungu alifungua dirisha, akatabasamu, akafungua mdomo kuita kama alivyozoea. Uso wa mtu wa kwanza ulibadilika. Mfamasia akamwinamia sikioni: "Usitabasamu. Wanaona kama unawatania."

Akakaza uso. Tangu hapo kazi ikaenda.

"Nikisahau ya asubuhi, jioni nimeze mara mbili?"

"Hapana. Endelea na ya jioni kama kawaida."

"Karoti ni kabla ya chakula au baada?"

Bi Mafungu akafikiri. "Wakati wa chakula," alisema, na yule mama akakariri midomo ikicheza hadi langoni.

Mzee mmoja alitaka kujua kama kuna sindano ya kabichi, kwa sababu majani tumboni mwake huchelewa. Mwanamke mwingine alinong'ona kwamba mwanawe ameonja dozi yake ya mchicha na sasa analilia mwingine, amfanyeje? "Umri wake?" Bi Mafungu aliuliza kwa sauti ya baridi. "Miaka saba." "Anaweza kupata nusu fungu. Asizidishe." Mwanamke akapumua, akamshukuru Mungu.

Siku ya nne nikamwona fundi wa mageti ndani ya foleni, mikono nyuma, cheti mkononi. Presha yake ilikuwa imepanda hadi ikamwangusha kazini. Zamu yake ilipofika alimtazama mkewe kupitia kioo kana kwamba wamekutana ofisini kwa mara ya kwanza.

"Habari za kazi, mtaalamu."

"Mume wangu, jana niliweka mchicha mezani. Ukanigeuzia mgongo."

"Ile ilikuwa mboga," alisema fundi. "Hii nimeandikiwa."

Akagongewa muhuri, akapewa bahasha yake. Nyumbani aliifungia ndani ya sanduku la chuma la vifaa, mbali na wajukuu. Saa mbili asubuhi na saa mbili usiku alimtaka mkewe auchemshe kwa maji matupu, bila chumvi wala kitunguu, kwa sababu dawa haiungwi. Aliziba pua, akaumeza amesimama, akashushia maji. Siku moja mkewe alikaa pembeni yake na sahani yake mwenyewe ya mchicha uliokaangwa vizuri. Fundi akastuka. "Mke wangu, huumwi. Usile dawa za watu."

Bi Mafungu alinisimulia hilo kesho yake akiwa anacheka hadi anajifuta machozi kwa mkono wa koti jeupe. Halafu kicheko kikakatika ghafla. "Miaka thelathini na moja, karani," alisema. "Miaka thelathini na moja nimekuwa nikimpikia." Akarudi dirishani.

Pale langoni, wifi yake alikuwa anakaanga viazi kwa ajili ya nzi. Wateja wamekwisha. Lakini yule mama hakuwa mtu wa kukaa akashika tama. Baada ya wiki niliona watu wanamwendea tena, mmoja mmoja, wanaangalia nyuma, wananong'ona, kisha wanapewa kifurushi cha gazeti kutoka chini ya meza. Nilidhani ni bangi. Nikaenda kwa upole, nikasema nataka viazi.

"Viazi tu?" aliniuliza, jicho moja limefumba.

"Kuna nini kingine?"

Akainama. "Mchicha. Bila cheti. Lakini hujaupata kwangu."

Ukweli ni kwamba watu wengi walikuwa wanautaka na hawakuumwa. Walimwona jirani yao anapewa, wakaona wamepunjwa. Wifi alikuwa anaamka saa kumi alfajiri, anapanda mabasi mawili, ananunua kwa mtu yuleyule. Biashara ya magendo ikakua. Fundi cherehani alishona mifuko ya siri ndani ya makoti. Wanawake wanane wakawa wanauza milangoni kwao, karoti chini ya khanga, bilinganya ndani ya kikapu cha nguo chafu. Kwa mara ya kwanza tangu mtaa uwe mtaa, mtu aliweza kupata kabichi kwa kutembea dakika mbili, ilimradi ajue mlango gani wa kugonga na mara ngapi.

Jambo kubwa namna hiyo halikosi kufika ofisini. Mkaguzi wa dawa alikuja siku ya Jumatano na sanduku la vipimo. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani, aliyejifuta miguu mlangoni mara mbili. Akapima mafungu kumi ya mchicha: hakuna mawili yenye uzito sawa. Akauliza tarehe ya mwisho ya matumizi. Hakuna. Akauliza karatasi ya madhara. Hakuna. Akafunua jani moja, akakuta konokono mdogo.

"Kiambato hiki hakimo kwenye maelezo," alisema.

"Ni konokono, mwanangu," Bi Mafungu alimwambia. "Anaonyesha haujapuliziwa sumu."

Mkaguzi akaandika: *Konokono. Kazi yake: kuthibitisha.*

Akaamuru mzigo wote uwekwe karantini siku tisini, aone kama unabadilika. Tukaufungia stoo, akaweka lakiri mlangoni. Siku ya tatu ilibidi tumpigie simu. La kuvunda halina ubani. Wagonjwa walikuwa wanasubiri nje, upande ule upepo unakoelekea. Mkaguzi alikuja na kitambaa puani, akachungulia, akaandika kwamba dawa imebadilika. Kisha akatusomea uamuzi kwa masikitiko ya kweli: mchicha, karoti, kabichi na maharage mabichi ni dawa zisizosajiliwa. Hairuhusiwi kuzitoa, kuziuza wala kukutwa nazo katika mtaa wetu, hadi kikao kitakapokaa.

"Sasa niuze nini?" Bi Mafungu aliuliza.

Mkaguzi akafikiri kwa uaminifu. "Chochote kisichomponya mtu," alisema.

Kwa hiyo soda ziliendelea, na biskuti.

Kikao kilikaa wiki mbili baadaye, katika ukumbi wenye viti vya plastiki na feni moja. Wajumbe walikuwa watatu, Mwenyekiti akiwa mzee mwenye kikohozi. Sheria, Mkaguzi alieleza, ni nyepesi: anachopewa mtu kwa cheti ili apone ni dawa, na dawa sharti isajiliwe, kazi ya miaka sita. Lakini ikithibitika kwamba ni chakula tu, kikao hakina neno nacho. Kila mtu auze apendavyo.

Bi Mafungu alisimama bila koti jeupe. Nilimhurumia. Huyu ndiye aliyepaza sauti miaka ishirini na sita kwamba mchicha ni damu, ni nguvu, ni uzima, na leo alitakiwa aape kwamba hauna lolote.

"Ni chakula, waheshimiwa," alisema. "Chakula tu."

"Haumponyi mtu?"

Akameza mate. "Unashibisha."

Mambo yangekwenda vizuri kama Daktari asingeitwa. Yule binti hakujua kusema uongo. Alifungua faili lake, akasoma: wagonjwa themanini na wawili, presha imeshuka kwa hamsini na mmoja. Ukumbi ukapiga makofi. Bi Mafungu akashika kichwa. Kisha, bila kuitwa na mtu yeyote, fundi wa mageti akainuka kule nyuma.

"Mimi ni shahidi," alisema. "Nilianguka kazini. Leo napanda ngazi na geti begani. Mkiiondoa dawa hii mmeniua."

"Kaa chini, mume wangu," Bi Mafungu alimwambia.

"Sikai. Ni dawa, na ni dawa chungu, lakini nimevumilia."

Mwenyekiti akaanza kuandika neno *dawa*. Bi Mafungu akamwomba asubiri. Akaomba jiko. Ilichukua nusu saa kulipata. Mtunza ukumbi alikuwa na jiko la mafuta ya taa alilochemshia chai. Wifi yake akatoka mlangoni akarudi na kapu, na hakuna aliyemuuliza mchicha ule ameutoa wapi. Bi Mafungu akakata kitunguu, akakikaanga hadi kikaanza kubadilika rangi, akatia nyanya, akaziacha zivunjike, akatia mchicha na chumvi, akafunika kidogo tu, akakamulia limau. Feni ikasambaza harufu. Mkaguzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

Wajumbe wakapewa sahani. Mwenyekiti akaonja kwa ncha ya kijiko. Akaonja tena. Kwa muda kikao kikawa sauti ya vijiko.

"Kuna mwingine?" Mwenyekiti aliuliza.

"Mheshimiwa," Bi Mafungu akasema, "umewahi kumwomba mfamasia akuongezee dawa?"

Mwenyekiti akabaki na kijiko hewani.

Lakini Bi Mafungu alikuwa ameshamwacha. Alikuwa anatembea kati ya viti na sahani moja, hadi kwa mumewe. Fundi akaitazama. Akaziba pua kwa mazoea. Mkewe akamshika mkono, akaushusha.

Akala kijiko cha kwanza akiwa amesimama. Cha pili alikilia amekaa. Alipomaliza alibaki na sahani magotini, kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

"Hii ndiyo ile uliyokuwa unaweka mezani?"

"Ndiyo hiyo."

"Miaka yote?"

"Yote."

"Mke wangu," alisema fundi, na watu wa viti vya mbele wakageuka kusikiliza, "mbona hukuniambia?"

Bi Mafungu alitaka kumjibu. Alikuwa na majibu ya kujaza ukumbi. Akachukua sahani, akamwambia, "Umebaki kidogo kwenye sufuria," akaenda kumletea.

Kikao kiliamua kwamba ni chakula. Mkaguzi alikuwa wa kwanza kumpa mkono. Koti jeupe likarudishwa stoo, manispaa ikafuta fidia yake, na Bi Mafungu akarudi langoni. Nisiseme uongo: wiki ya kwanza watu walipungua. Wengine walivunjika moyo waliposikia kwamba kumbe ni chakula tu. Mzee wa sindano alisema alijua tangu mwanzo. Lakini watoto walikuwa wameshazoea nusu fungu lao, wakawa wanalilia. Na wale wanawake wanane waliouza kwa kujificha hawakuona sababu ya kuacha, wakatoa karoti zao barazani, mchana kweupe.

Bei ingepanda tena pale fidia ilipofutwa. Kilichoizuia ni ugomvi. Bi Mafungu na wifi yake walikutana alfajiri kwenye fungu moja la mchicha kule soko kuu, kila mmoja amelishika upande wake, wakatukanana mpaka muuzaji akawaambia kwamba wakinunua gunia zima, wote wawili, angewapunguzia karibu nusu. Wakakubali kwa shingo upande. Siku hizi wanawake wote kumi wanachangia, wanakodi pikapu moja, wanakwenda kwa zamu wawili wawili, na mchicha wa mtaa wetu ni rahisi kuliko ulivyokuwa na muhuri.

Juzi nilipata lifti ya pikapu hiyo. Nilikaa nyuma juu ya kabichi. Mbele, wifi alikuwa amelala, kichwa begani kwa Bi Mafungu, anakoroma. Barabara ina mashimo kule, na kila tulipokaribia shimo Bi Mafungu aliinua kiganja, akalishika lile shavu nene lisirushwe, hadi tupite. Dereva alimuuliza kwa nini hamwamshi.

"Akiamka ataongea," alisema, akakunja shali yake, akaisukuma vizuri chini ya sikio la wifi yake.